Maswali yenu kuhusu kushuti siriz ukiwa Mbeya

Meseji zimekuwa nyingi, nimechagua chache, zile za "nikopeshe kamera" nimeziruka makusudi. Twende.

Nina simu tu, kamera sina. Nianze au nisubiri? (Kijana wa Uyole)

Anza mdogo wangu. Sean Baker, dairekta wa Marekani, filamu yake ya Tangerine iliyotoka 2015 aliishuti na iPhone 5s na ikaonyeshwa tamasha la Sundance, simu ambayo leo hata fundi wa Mwanjelwa hataki kuifungua. Ila watu wakisimulia hiyo stori wanaishia kwenye simu, hawasemi kwamba sauti hawakuiachia simu. Mtu akija na laki mbili akaniuliza anunue nini, namwambia maiki, ile ya kubana kwenye shati, hela ikibaki ndo stendi ya simu. Picha yenye chenga mtu atavumilia, lakini akisikia upepo tu na maneno hayasikiki, huyo kashahama.

Na huku kwetu sauti ni vita. Epizodi yangu ya kwanza kabisa nilishuti Tukuyu, nyumbani kwa bibi, bati juu, silingibodi hamna, dada wa watu analia vizuri mpaka na mi machozi yananilenga, mara mvua hiyo. Nikajipa moyo nitaisafisha kwenye kuediti, weee, mvua ya kwenye bati haisafishiki, ni kama maneno yanakaangwa. Wiki iliyofuata nikarudi, nauli upya, wali upya, na dada machozi yalishaisha. Sa hivi sini ya ndani naiandika mara mbili, ya kukavu na ya mvua, na ile ya mvua watu hawaongei, wanagombana kwa macho na kugonga masufuria. Amini usiamini, mara nyingi hiyo ndo inatoka nzuri zaidi.

Ukungu nao usiupuuze. Sini moja inaanza na jua, katikati huoni mgomba, mwisho jua tena. Piga shoti pana zote kwanza hali ikiwa moja, za karibu malizia kibarazani, pale sura zikijaa kwenye fremu hakuna atakayejua nje kuna nini. Na betri weka mfuko wa ndani wa koti, Juni na Julai baridi inazimaliza kabla hujasema eksheni.

Mwanangu yuko mwaka wa pili chuo, anataka kuacha afanye filamu. Wewe unaishi kwa hizo video kweli? (Mama, Mwanjelwa)

Shikamoo mama. Ukweli ni kwamba naishi kwa harusi. Harusi, sendofu, kipaimara, matangazo ya maduka ya mbolea, hapo ndo inatoka kodi ya nyumba, na siriz inakula humohumo. Msimu wa kwanza haukurudisha hata hela ya chakula cha waigizaji. Sioni aibu kusema, wengi mnaowaona mtandaoni na miwani ya jua wanaishi hivihivi ila hawasemi.

Asiache chuo. Muulize swali moja tu, ameshamaliza video ngapi? Sio alizoanza, alizomaliza. Kama hamna hata moja ya dakika tano, mpe likizo hii amalize moja. Kama ni kusomea, TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia, si lazima ajifunze kwa kuacha.

Sabuskraiba wangapi ndo YouTube inalipa? (Dada wa Mafinga)

Kamwene dada. Kwa hela ya matangazo ni sabuskraiba 1,000 pamoja na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Njia nyingine ni hao hao 1,000 na kutazamwa mara milioni 10 kwa Shorts, zile video fupi za YouTube, ndani ya siku 90. Watu wanakosea hapa: masaa ya Shorts hayahesabiwi kwenye yale 4,000, kwa hiyo ukikata epizodi vipande vya sekunde 40 ili itrendi, unachangamsha kijiwe tu. Epizodi ikifika dakika 8 unaweza kuweka tangazo katikati, ila usiivute kama ubwabwa wa msibani ili zifike, watu wanahisi.

Afu hela haitoki mpaka ifike dola 100. Na kabla ya hapo, ukifikisha dola 10, wanakutumia barua yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa posta. Posta kabisa! Mi sikuwa na sanduku, nikaazima la kanisa, barua ikakaa pale mhasibu akidhani ni ya mchungaji.

Kwa hiyo usisubiri YouTube. Nenda kwa mwenye saluni, mwenye duka la pembejeo, mwambie dukani kwako tunashuti sini nzima na bango lako linaonekana. Anachokupa mara moja kinaweza kuzidi cha YouTube cha miezi.

Waigizaji wangu wanapotea epizodi ya tatu, nifanyeje? (Kaka, Makambako)

Usirushe hata moja kabla hujashuti zote. Mi staa wangu alisuka rasta kati ya epizodi ya 3 na ya 4, na kwenye stori hizo epizodi mbili ni siku moja! Nikaandika sini ya saluni usiku huohuo. Sa hivi napanga kwa lokesheni, sini zote za jikoni siku moja hata kama ni za epizodi sita, na nauli namlipa mtu akifika, sio mwisho wa mwezi.

Vibali ni lazima kweli?

Lazima. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, Bodi ya Filamu ndo wanatoa kibali cha kushuti na kukagua kazi. Anzia kwa afisa utamaduni wa wilaya, atakuelekeza. Droni ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Maua ya Kitulo ni hifadhi ya taifa, utaongea na TANAPA wanaosimamia hifadhi, usiende na tripodi ukidhani ni shamba la mjomba. Na wimbo wa msanii usiuweke bila makubaliano, YouTube wataukamata na hela ya hiyo epizodi inaweza kwenda kwake.

Nihamie Dar? Na nikiigizisha Kinyakyusa nitapoteza watu?

Dar nenda kuuza kazi, Azam TV na wenzao wako huko. Kushuti baki, kule kila mtu ana sini ya ufukweni, mlima Loleza uko nyuma ya nyumba yako bure. Kinyakyusa weka, bibi akiongea Kiswahili cha taarifa ya habari anachekesha. Tia maandishi ya Kiswahili chini, makubwa, watu wanatazama kwenye simu.

Naomba nafasi ya kuigiza, hata ya kupita tu.

Ipo, tunatafuta wa kupita wanane, sini ya stendi. Njoo na sweta lisilo na maandishi, tunaanza saa 11 alfajiri, chai ipo. Usisuke.