Nyumba ya urithi, wapangaji, na ndugu walioko ughaibuni

SWALI: Habari za kazi wahariri. Marehemu baba alituachia nyumba Magomeni, vyumba sita na fremu moja ya biashara mbele. Tuko wanne: wawili Uingereza, mmoja Muscat, na mdogo wetu ndiye yuko Dar anakusanya kodi. Kila tukiuliza hela tunaambiwa wapangaji hawajalipa, au choo kimejaa. Mpangaji mmoja anadai alishamlipa shangazi kodi ya mwaka mzima. Tuanzie wapi?
Dada, Leicester

JIBU: Pole dada. Kabla ya kumgusa mpangaji, jibuni swali ambalo familia nyingi huliruka: mwenye nyumba sasa ni nani? Baba akishafariki, mwenye mamlaka ya kupangisha, kupokea kodi na kushtaki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Si mtoto mkubwa, si anayekaa karibu, na shangazi ndiyo kabisa. Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Muhtasari wake na cheti cha kifo ndivyo vinavyopelekwa mahakamani, na kwa Mahakama ya Mwanzo barua ya uteuzi ni Fomu Na. 4. Kila mpangaji aonyeshwe nakala yake.

Msimpendekeze aliyeko ughaibuni kwa sababu tu ndiye mwenye hela. Msimamizi anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali (Fomu Na. 5) na hesabu (Fomu Na. 6), na mwenye kazi za zamu Leicester hatazifuatilia ipasavyo. Kama mdogo wenu ndiye mtakayempendekeza, mlipeni. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo linalovunja familia: ndugu anayekusanya kodi bure mwisho hujilipa mwenyewe, na hamtajua kajilipa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa chumba cha sh. 80,000. Vyumba sita ni 480,000 kwa mwezi, yaani 5,760,000 kwa mwaka, fremu tumeiweka pembeni. Mkimpa msimamizi asilimia 10 ni 576,000. Tengeni asilimia 15, sh. 864,000, kwa mabati, mabomba na gari la kunyonya majitaka. Kinachobaki, 4,320,000, bado kina pango la ardhi na kodi nyingine za serikali za kulipia. Mgawane baada ya hapo, si kabla. Ndugu wengi hugawana kila mwezi, choo kikijaa wanachangishana kwenye kundi la WhatsApp, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Fungueni akaunti ya benki kwa jina la msimamizi wa mirathi, wapangaji waingize humo moja kwa moja, na kila malipo yaandikwe chumba na miezi. Taslimu isipokelewe hata siku moja, hata kwa mpangaji mzee mliyekua naye. Mikataba iandikwe upya, kila chumba wake, iseme wazi nani analipia kunyonya choo, umeme unagawanywaje kama LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja, na bili ya maji inalipwa lini. Akaunti ya maji iwekewe namba ya simu ya msimamizi. Mpangaji akiondoka na deni la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, deni linabaki kwenye mita ya nyumba.

Wa fremu mtenganisheni na wa vyumba. Anafanya biashara, hivyo anapaswa kukata kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali anayoizuia kabla ya kuwalipa, ya asilimia 10 kwenye pango la fremu na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato). Dai cheti cha zuio kila anapolipa. Bila cheti, asilimia 10 yenu imepotea na TRA haina habari nayo.

Kuhusu shangazi: mpangaji alete risiti au ujumbe wa muamala. Akiwa nao, malizaneni na shangazi wenyewe, msimtoze mtu mara mbili. Na kama kati yenu yuko aliyechukua uraia wa Uingereza, muoneni wakili kabla hati haijahamishiwa kwa majina ya warithi, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia kumiliki ardhi.

SWALI: Nyumba ni yangu, hati ina jina langu, iko Tanga. Mpangaji ana miezi minne hajalipa na hatoki. Kaka yangu anataka kwenda kung'oa mabati. Nimruhusu?
Msomaji, Muscat

JIBU: Usimruhusu. Mabati yaking'olewa, mdaiwa anageuka mdai: atadai kitanda kilicholowa, televisheni na usumbufu, na wewe ndiye utakayejibu. Kufuli na kukata maji ni hayo hayo.

Kwanza mpe kaka mamlaka. Hati ya uwakilishi itayarishwe na wakili, itaje namba ya hati ya nyumba na kazi za kaka moja moja: kudai kodi, kutoa notisi, kufungua shauri. Usiandike kuuza. Isaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu Muscat, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati huku nyumbani. Karatasi iliyosainiwa na kutumwa kwa picha ya simu haitamfikisha popote.

Kisha notisi ya maandishi yenye deni la kila mwezi, ipelekwe mbele ya mjumbe au ofisa wa serikali ya mtaa, nakala isainiwe. Akikaidi, mnaanza Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Amri ya kumtoa ikipatikana hutekelezwa na dalali wa baraza, si na kaka na vijana wake.

Kinachokwamisha wengi ni mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Kwa chumba cha 80,000 kwa mwezi, ushuru ni sh. 9,600. Lipeni siku ya kusaini.

SWALI: Mpangaji anapunguza sh. 1,500 kila mwezi kwenye kodi, anasema ni kodi ya jengo. Ana haki?
Mama wa Mbagala, sasa Toronto

JIBU: Anayo. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, ila tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, hivyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwa niaba yako. Ni sh. 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Iandike kwenye mkataba kwamba inafidiwa. Na kama nyumba hiyo moja ina mita tatu, mtume mtu TANESCO (shirika la umeme) au TRA na namba zote, ili ikatwe kwenye mita moja tu.