Kliniki ya pumu hata akiwa hajabanwa?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumrudisha mwanao wa miaka 9 kliniki, kwa kuwa siku hizi habanwi kifua, anakohoa tu usiku. Mrudishe. Kwa mtoto mwenye pumu, kikohozi cha usiku mara nyingi ni dalili kwamba haijatulia.

Chukua daftari uandike kila siku: ameamka usiku? Ametumia pampu ya kutuliza, ile dawa ya kuvuta anapobanwa, mara ngapi? Ameacha mpira kwa kukosa pumzi? Ikiwa ndani ya wiki 4 ameamka hata mara moja kwa pumu, au anaitumia pampu hiyo zaidi ya mara 2 kwa wiki, daktari ajue. Sisi wazazi tukifika pale tunasahau yote, tunajibu "hajambo tu".

Nenda na pampu zake zote, avute mbele ya muuguzi. Wangu alikosea mwaka mzima, dawa ikawa inaishia mdomoni. Tulipofundishwa kuunganisha pampu na chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, alianza kulala usiku kucha. Na kama ana pampu ya kuzuia, ile ya kuvuta kila siku asije akabanwa, asiiache kwa kujisikia vizuri. Ndiyo inayomweka vizuri.

Akibadilishiwa dawa, mrudishe ndani ya miezi 1 hadi 3; akishabanwa sana, ndani ya wiki. Lakini akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama au midomo ikiwa ya bluu, kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo, huku akiendelea kuvuta ya kutuliza njiani.