Kabla ya kununua mashine ya kuvuta tando, tengeneza ya kuzivimbisha

Vijana wa maabara hapa Mombasa huniuliza wanunue mashine gani ya kupimia jinsi tando za polima, yaani karatasi nyembamba za aina ya plastiki, zinavyobadilika umbo chini ya mkazo (nguvu kwa kila eneo). Wengi huja tayari wameipenda ile ya kuvuta vipande, yenye kibanio chini na kingine juu. Ni mashine nzuri, lakini ghali. Kwa utando wa kusafishia maji ya chumvi, ambao ndio unaotuhusu sana sisi wa pwani, nakushauri uanze na kifaa cha kuvimbisha.

Kazini utando hauvutwi kama kamba. Maji ya bahari huusukuma kutoka upande mmoja kwa presha ya baa 55 hadi 70 hivi, nao ukashindiliwa na kubonyea kwenye matundu ya wavu unaoushikilia. Tena, kipande cha kuvuta lazima ukikate, na wembe ukiacha alama ndogo ubavuni, mpasuko huanzia hapo.

Kifaa chenyewe ni sahani mbili za chuma kisichoshika kutu, ya juu ikiwa na tundu la duara. Utando hubanwa katikati pamoja na mpira wa kuziba, presha ikaingia kutoka chini na kuuvimbisha kupitia tundu kama kuba. Fundi mwenye mashine ya kukereza ataiweza kazi hii. Unasoma geji ya presha na kimo cha kilele. Tuseme nusu kipenyo cha tundu ni milimita 10 na kilele kimepanda milimita 2: umbo hilo ni sehemu ya tufe lenye nusu kipenyo cha milimita 26. Ili kupata mkazo, zidisha presha kwa 26, kisha gawanya kwa unene uliozidishwa kwa mbili. Kwa utando wa mikrometa 50 (milimita 0.05) na presha ya baa 1 (megapaskali 0.1), mkazo ni megapaskali 26. Ukikosea unene kwa mikrometa 5 tu, jibu zima linapotoka kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo pima unene sehemu kadhaa. Utando unaopitisha maji uwekee chini karatasi laini ya mpira.

Unyevu ndio adui wa kwetu. Vipimo vya kawaida hufanywa kwa nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Masika yakiingia, chumba kisicho na kiyoyozi hakikaribii hapo. Nailoni na selulosi asetati hunywa maji na kulainika. Mimi napendelea kuupima utando ukiwa umelowa, kwa kuwa ndivyo unavyofanya kazi, na kuandika joto na unyevu kila mara. Ukifikia presha unayotaka, usiifungue upesi. Ishikilie na uendelee kusoma kimo, maana polima huendelea kutambaa, yaani kunyumbuka polepole hata presha ikiwa ileile.

Sukuma kwa maji badala ya hewa, na vaa miwani ya kinga: hewa iliyobanwa ikipasua utando hurusha vipande. Kaza bolti kwa kupishana, kisha chora duara kwa kalamu ukingoni mwa tundu. Ukikuta mstari umesogea ndani, utando umeteleza; kitupe kipimo hicho, ubane mwingine.