Nikiacha kulipia Dreamweaver, saiti zangu zitaharibika?

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Natengeneza saiti ndogondogo za watu kwa Dreamweaver, programu ya Adobe ya kutengenezea saiti, nalipia kila mwezi na kusema kweli nimechoka. Rafiki ananiambia nihamie programu huria za bure (zile ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote), mwingine anasema za bure ni za kuchezea tu. Nikihama, saiti nilizokwisha kutengeneza zitakuwaje?

JIBU: Hazitaharibika ndugu yangu. Ukurasa wa wavuti ni faili la HTML tu, yaani maandishi ya kawaida yenye alama za kuupanga ukurasa, hata Notepad inalifungua, kwa hiyo ukiacha kulipa kinachofungwa ni programu, kazi yako inabaki palepale kwenye kompyuta. Ila angalia templeti kwanza. Kama ulitumia zile faili za .dwt, zile ambazo ukibadilisha menyu mahali pamoja basi kurasa zote zinafuata, huo uhondo ni wa Dreamweaver, ukifungua kurasa hizo kwengine zitaonekana vizuri na hata alama za templeti utazikuta humo ndani lakini hazifanyi kazi, menyu itabidi uirekebishe ukurasa kwa ukurasa au utumie tafuta-na-badilisha ya folda nzima. Saiti ya kurasa tano sio ishu, ya kurasa mia mbili utalia. Na shukuru, wenzako wa FrontPage, programu ya zamani ya Microsoft ya kutengenezea saiti, yaliwakuta makubwa zaidi, kaunta za kuhesabu wageni na fomu zao zilitegemea vitu maalumu kwenye seva, wakihamia seva isiyo navyo zinakufa kimya.

Sasa za bure. Kama unataka kuandika kama uko kwenye Word huku ukurasa unauona hapohapo, sikufichi, hapo huria wako nyuma. Programu ya aina hiyo iitwayo Nvu ilitoka 2005, ikazaa KompoZer, na KompoZer toleo lake la mwisho ni la 2010 wakati HTML5, toleo jipya la HTML, imekuwa kiwango rasmi 2014, kwa hiyo usianzie huko hata ukiikuta inasifiwa mtandaoni. Lakini kama kodi unaandika mwenyewe, VS Code, programu ya kuandikia kodi, inakutosha na chenji inabaki, kupandisha mafaili kwenye seva tumia FileZilla. (Kodi ya VS Code ni huria kweli, ila ile unayodaunlodi kwa Microsoft ina leseni yake na inawatumia taarifa za matumizi, usipopenda chukua VSCodium, ni VS Code ileile bila hayo.)

Halafu usidhani huria hazifi. Chukua programu huria mbili za kuandikia kodi: Brackets Adobe waliacha kuisapoti 2021, Atom ikafungwa 2022. Tofauti ni kwamba kodi inabaki wazi na watu wengine wanaweza kuichukua wakaiendeleza, FrontPage ilipozikwa hakuna wa nje aliyeweza kuigusa.

Mimi ningekuwa wewe ningehamisha saiti moja isiyo na templeti kwanza, nione mkono unazoeaje. Na kabla hujakata malipo soma mkataba wako vizuri, kuna mipango unalipa kila mwezi kumbe umejifunga mwaka mzima, ukikatisha katikati wanakutoza.