Barua kwa mwanangu aliye melini

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako kutoka Durban nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Unasema meli yenu itafunga gati hapa Dar katikati ya Aprili, iingie saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, na mkubwa wako wa zamu amekuuliza, kwa kuwa wewe ni mwenyeji: mvua ikinyesha kutwa, wageni wapelekwe wapi wasinune?

Katikati ya Aprili hakuna cha "ikinyesha". Ni masika. Mwambie wataloa.

Wapelekwe Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert: kuna paa, na kuna habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959. Halafu Feri, soko la samaki, waone pweza anavyopigwa mnada. Kariakoo waiache, tope la Kariakoo linataka mtu aliyezaliwa nalo.

Hilo nimelijibu. Sasa lile la wageni wangu, maana najua wewe unalikumbuka kwa upande wa kulazwa kwenye mkeka tu.

Ulikuwa darasa la sita. Daraja la Nyerere lilikuwa bado, lilifunguliwa 2016. Sisi wa Kigamboni ni pantoni, au uzunguke Kongowe. Mzee na mkewe, Waaustralia, mwezi wa pili wa kuzunguka dunia kwa meli, niliwapakia nje ya geti la bandari mvua ikimwagika. Waipa ya upande wa mzee ilikuwa mbovu, nikampa kitambaa awe anafuta. Mpaka saa sita tulishamaliza makumbusho na yale makanisa mawili ya Wajerumani, bibi akaniuliza naishi wapi. Ningenyoosha kidole tu ng'ambo ya maji. Nikasema twendeni.

Mama yako hapo ndipo anaponikaba mpaka leo. Lakini aliwapokea, simnyimi haki yake: muhogo wa kukaanga, chumvi na pilipili, chai ya tangawizi. Mvua ilipiga bati hata hatusikilizani, tukawa tunacheka kwa ishara. Bibi yule akavua viatu, akakaa kizingitini na miguu uani, pale maji ya mchirizi yanapoangukia, akafumba macho. Ilipopungua kidogo akaniambia kwamba mwezi mzima hajakanyaga kitu ambacho hakijapigwa deki.

Saa tisa mama yako akaninong'oneza: warudishe watu wa watu. Nikamjibu neno langu lile lile. Mvua haizuii, inachelewesha.

Ikachelewesha. Korola ilizama tope Mjimwema, vijana wakasukuma kwa buku mbili mbili. Tunafika kivukoni, foleni ya magari imefika madukani na pantoni limesimama. Nikashuka kuuliza. Kijana wa geti akasema kuna meli kubwa inatoka, lazima ipite kwanza. Mlango wa bandari unaujua ulivyo mwembamba. Meli ikipita pale unahesabu vioo. Tukavihesabu. Nyeupe yote, taa zinawaka, muziki juu, tagi ubavuni. Mzee akafuta kioo kwa kile kitambaa, akaangalia weee, akasema, "Taa ya chumba chetu hatukuizima."

Mkewe alicheka mpaka akakohoa. Yeye hakucheka.

Wakalala kitandani kwako. Asubuhi wakala wa meli akawaletea pasi zao, tukawapandisha boti ya Zanzibar, mwendo wa kama saa mbili, wakaikuta meli yao mbele ya Mji Mkongwe. Nauli nilitaka niitoe mimi. Mzee akanirudishia pesa mkononi bila neno, na bora angenitukana. Mwaka uliofuata ikaja kadi, iko kwenye kabati la vyombo. Ameandika bibi peke yake.

Kosa langu? Kwanza nilisema ni la pantoni. Baadaye la tope. Halafu nikasema wale ni watu wazima, saa walikuwa nazo mikononi. Lakini njia alikuwa anaijua nani? Na lakini tena, ningewarudisha saa nane, yale maji ya mchirizi bibi angeyapatia wapi? Mimi sijui. Mama yako anajua, muulize.

Sasa umeandika chini kabisa, kama kitu cha kupita, kwamba una ruhusa ya kushuka kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Hukusema utaifanyia nini, na hukuniuliza. Kwa hiyo sisemi uje. Mgeni akiachwa na meli anapoteza nauli, wewe utapoteza kazi. Daraja lipo, ndiyo, ila foleni ya siku ya mvua haina daraja. Sisemi kitu. Ila mama yako ameshamwagiza mvuvi wake changu, na amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Na mvua, unajua mwenyewe, haizuii...

Basi, tutavuka sisi. Saa tatu tutakuwa Feri, chini ya bati la soko, na hotipoti. Ukishuka vaa koti la mvua. Mwavuli usihangaike nao, upepo wa pale unaugeuza.

Baba yako