Gari limekuja na tairi za theluji? Zitoe kabla hujashuka Kyela

Gari langu lilipofika kutoka Japan, kitu cha kwanza jirani zangu hapa Mbeya walichosifia haikuwa injini wala bodi, ilikuwa tairi. Kashata, yaani zile nundu za mpira zinazokanyaga barabara, nene, zimekaa kama mpya, kila anayepita anaziangalia anasema kaka hapo umepona, tairi hununui leo wala kesho. Na mimi nilifurahi sana maana hela yote ilikuwa imeishia kwenye ushuru. Ubavuni kulikuwa na neno STUDLESS, nikalipita.

Wewe usilipite. Hiyo ni tairi ya theluji na barafu. Kuna magari yanatoka sehemu kama Hokkaido ambako barabara zinaganda miezi kadhaa, mwenye gari anazifunga kwa msimu huo tu, baridi ikiisha anazitoa. Mpira wake umetengenezwa laini makusudi ili usikakamae, unafanya kazi vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 7 hivi, na ukichungulia kwenye kashata utaona vimkato vyembamba vingi kama vimechanjwa na wembe, hivyo ndio vinang'ata barafu. Sasa chukua mpira huo uupeleke kwenye lami ya saa saba mchana, kashata zinanesa, zinalika haraka kama ufutio, na ukikanyaga breki gari linasogea mbele kuliko ulivyotegemea.

Najua mtu ataniambia lakini Mbeya si baridi? Na mimi nilijiambia hivyo hivyo. Ni kweli Juni na Julai alfajiri Uyole bila koti hutoki, na kule Kitulo nyasi zinaganda kabisa. Lakini ikifika saa nne jua limeshawaka, lami imepata moto, na theluji ya kukanyaga hakuna. Halafu nani anaendesha Mbeya mjini tu? Ukienda Dar unapita Ruaha Mbuyuni na Mikumi, ukienda Chunya joto, ukishuka Kyela joto la ziwa.

Na Kyela ndiko nilikoelewa. Ilikuwa Novemba, nimeshuka Tukuyu vizuri tu ingawa usukani nilikuwa nausikia mlaini, kwenye kona gari linachelewa kuitika, nikadhani ni upepo wa tairi umepungua. Chini kule tambarare mzee mmoja na baiskeli yenye gunia la mpunga akakata barabara, nikakanyaga breki yote. Gari halikusimama pale nilipotaka, lilisimama mbele ya pale alipokuwa yule mzee, kilichomuokoa ni kwamba alikuwa ameshavuka. Nilishuka nikamsalimia shikamoo baba mikono inatetemeka, siku ile sikuweza kuendesha tena mpaka jioni.

Kosa la pili nililifanya niliporudi. Hela ilikuwa ya tairi mbili, nikafunga mpya mbele, nyuma nikaacha zile zile. Msifanye hivyo jamani. Mvua ilinikuta mteremko wa Iwambi, mbele kunashika nyuma kunateleza, mkia wa gari ukataka kunipita. Tairi hizi kwenye lami yenye maji sio nzuri hata kidogo, na ukichanganya ndio gari linakuwa na akili mbili. Badilisha zote nne, kama hela haijatimia subiri, endesha taratibu, acha nafasi kubwa na gari la mbele, usipakie kupita kiasi na upepo ujaze kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kuzitambua sio kazi. Tafuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na kitu kama nyota ya theluji ndani yake. M+S peke yake isikutishe, hiyo inawekwa hata kwenye tairi nyingi za kawaida za magari yaliyoinuka. Majina kama Blizzak au iceGUARD nayo ni ya theluji, kwao huko ni tairi za heshima kabisa, ni hapa tu sio mahali pake. Angalia pia namba nne za mwisho za DOT, ule mstari wa herufi na namba ubavuni mwa tairi, 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017, kashata inaweza kuwa nene na mpira umeshazeeka. Na ukienda kununua tairi za mtumba ziangalie hivyo hivyo, mafundi wengi wanapima unene tu.

Zangu nne alikuja kuzitaka jamaa mwenye Noah ya abiria, anapiga ruti ya Tukuyu, akanipa bei nzuri kweli. Nilimkatalia, nikamwonyesha lile neno ubavuni na nikamweleza kwa nini. Mbili zikaenda kwa kijana wa mkokoteni pale Mwanjelwa, mbili mke wangu amepandia maua.