Usitume hiyo advansi ya farasi kabla hujaona majibu ya kipimo cha nywele zake

Mkuu usitume hiyo advansi. Nimesoma tangazo ulilobandika, farasi jike wa miaka minne, kwota hosi (aina ya farasi wa Kimarekani), "damu ya Impressive", misuli imejaa, muuzaji anataka nusu ya hela leo na karatasi eti zinakuja. Maneno hayo hayo ndiyo nililizwa nayo mimi hapa Texas.

Hiyo damu anayokutangazia kama sifa ndiyo ya kuulizia kwanza. Impressive alikuwa dume aliyezaliwa 1969, akashinda maonyesho kwa umbo lake, watu wakakimbilia kupandisha majike yao kwake akaacha watoto zaidi ya 2,000, na humo humo ukasambaa ugonjwa wa kurithi wa misuli uitwao HYPP. Potasiamu ikipanda kwenye damu misuli inatetemeka yenyewe, farasi analegea nyuma mpaka anakaa chini kama mbwa, wengine wanaanguka na kufa. Na ikishatulia anasimama mzima, mnene, anang'aa, kwa hiyo hata daktari akimkagua vizuri asubuhi nzima anaweza asione kitu.

Wangu aliletwa na dalali, Mwafrika Mashariki mwenzetu, mtu tunakula naye pilau Idi, nikamuuliza kuhusu vipimo akanijibu "kaka kipimo cha nini, huyu namjua tangu anazaliwa". Alikuwa hamjui! Alikuwa anaijua kamisheni yake tu. Nikalipa, nikamleta kwa treila, nikamlisha lusini ya daraja la juu na molasi kidogo kwa sababu nilimpenda, kumbe vyote viwili vina potasiamu nyingi na kwa farasi wa hivyo ni kama kumwekea sumu. Asubuhi moja namkuta mabega yanatetemeka, kope ya ndani imefunika jicho, hawezi kunyanyuka. Daktari wa dharura, dripu, vidonge vya kila siku, na hela ya matibabu ikapita bei niliyomnunulia. Kipimo kikarudi N/H, yaani amebeba jeni moja nzima na moja ya ugonjwa. Nikampigia dalali, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakupokea kamisheni bwana, mbona anasingiziwa.

Na wewe umesema unataka kumzalisha uwauzie majirani watoto wake. Jeni moja tu ya ugonjwa inatosha kuugua, na jike wa N/H hata apandishwe na dume safi kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Dume naye akiwa nayo, mtoto anaweza kubeba mbili, yaani H/H, na hao waliozaliwa kuanzia 2007 AQHA, chama kinachoandikisha kwota hosi, haiwaandikishi kabisa. Utamuuzia jirani nini hapo? Mwanawe huyo jirani akiwa mgongoni farasi akaanguka utamwambia nini?

Kwa hiyo fanya hivi, na usikubali kupunguziwa hata hatua moja. Ng'oa mwenyewe nywele za singa au mkia zikiwa na mizizi, usikate, na usipokee za kwenye bahasha ya muuzaji. Zitume maabara, wapime HYPP pamoja na magonjwa mengine ya kurithi, HERDA, GBED na PSSM, majibu yaje kwako, ndio mzungumzie hela. Muuzaji akisema kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwache aje.

Karatasi nazo uzishike mkononi. Angalia jina la mmiliki aliyeandikishwa kule AQHA, kama siyo huyo anayekuuzia basi nani atasaini fomu ya kuhamisha? Mimi niliambiwa zipo njiani, na mpaka leo hazijafika.

Yale mengine uliyouliza, bei ya boma na wapi pa kutangaza, watakujibu wengine. Wewe leo hii muulize jina la baba na la mama wa huyo jike, na uombe picha ya cheti pande zote mbili. Akisitasita rudi hapa utuambie kabla hujagusa simu ya benki.